Kuwafahamu Waajemi kwa Njia ya Sinema: Tafakari ya Kihistoria kutoka Gitting

Utangulizi

Wakristo wa nchi yetu wamewajua Waajemi kwa jina tangu walipoanza kuisoma Biblia kwa Kiswahili. Tunamsoma Koreshi katika Ezra na Isaya, Dario katika Danieli, Ahasuero katika Esta, na Artashasta katika Nehemia. Mamajusi wa Mathayo 2 huigizwa na watoto wetu kila Krismasi, ijapokuwa ni wachache wanaofahamu ya kuwa neno "majusi" lenyewe lina asili ya Kiajemi. Lakini mhubiri akiulizwa Waajemi ni watu wa namna gani, wanaishije nyumbani mwao, wanacheka kwa nini na wanamlilia nani, mara nyingi hana la kujibu. Tumelijua jumba la mfalme, lakini hatukuijua nyumba ya mtu wa kawaida.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sinema ya Waajemi wenyewe, ikisomwa kwa uangalifu kama chanzo cha historia, yaweza kutuingiza katika nyumba hiyo. Ninaandika kama mwalimu wa theolojia, lakini pia kama mchungaji aliyepata kutumika Gitting, wilayani Hanang, chini ya mlima ule ule uliotupa jina la wilaya. Nitaeleza jinsi filamu moja ya Kiajemi, iliyotengenezwa mwaka 1969 juu ya mtu na ng'ombe wake, ilivyonionyesha kosa nililolifanya katika utumishi wangu wa kwanza. Kwa sababu hiyo msomaji asishangae akiona makala yanayoanzia Shushani yakiishia zizini.

Majina yaliyotolewa na wengine

Neno "Uajemi" tumelipokea kutoka katika Kiarabu. Waarabu waliwaita "ajam" watu ambao lugha yao si Kiarabu, yaani watu ambao maneno yao hayaeleweki masikioni mwa msemaji. Baadaye jina hilo likawashikamana hasa Waajemi. Na jina "Persia" walilolitumia Wazungu lilitokana na jimbo moja tu la nchi ile. Wenyeji waliita nchi yao Irani, na mwaka 1935 serikali yao iliyataka mataifa mengine yatumie jina hilo. Kwa hiyo hata kabla hatujaanza kujifunza habari zao, tumekwisha kuwaita kwa majina ya jirani zao.

Jambo hili si geni Hanang. Wadatoga, ambao wengi wao katika wilaya yetu ni Wabarbaig, wamejulikana nchini kote kwa jina la "Wamang'ati". Jina hilo latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Mimi ni Mwiraqw, na nilikua nikilisikia jina hilo nyumbani, sokoni na, nasikitika kusema, hata katika vikao vya usharika. Mtu aliyefundishwa kumwita jirani yake "adui" amekwisha kupewa miwani kabla ya kumwona. Nataka msomaji ayakumbuke majina haya mawili, Ajemi na Mang'ati, maana hoja ya makala haya inasimama juu yake.

Waajemi wa Maandiko na wa pwani

Kwa ufupi tukumbuke historia. Koreshi aliutwaa Babeli mwaka 539 K.K., akawaruhusu watu wa Yuda warudi kwao. Nabii anamwita masihi wa Bwana (Isa. 45:1), heshima ambayo hakupewa mfalme mwingine yeyote wa mataifa. Ahasuero wa kitabu cha Esta hutambuliwa na wanahistoria wengi kuwa Xerxes, aliyetawala kutoka 486 hadi 465 K.K. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme huko Shushani, mji ambao magofu yake yako kusini-magharibi mwa Irani, na ambako hata leo Waislamu huzuru mahali panapotajwa kuwa kaburi la Danieli. Katika mji wa Hamadan huonyeshwa kaburi linalosemekana kuwa la Esta na Mordekai. Basi, Waajemi wamo ndani ya historia ya wokovu, tena kwa sehemu kubwa ni kwa wema.

Wamo pia katika historia ya pwani yetu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107 B.K. Wenyeji wengi wa visiwani na pwani hujiita Washirazi, kwa jina la mji wa Shiraz. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, inayofanyika mwezi wa Julai, ina mizizi katika Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Kwa muda mrefu wanazuoni walibishana kama habari za Washirazi ni historia au ni hadithi ya kujitukuza. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya kale ya pwani, ukaonyesha kwamba kuanzia kama mwaka 1000 B.K. wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Simulizi ya wazee haikuwa tupu.

Sisi watu wa bara hudhani kuwa mambo hayo ni ya pwani tu. Lakini mama wa Gitting anapofungua dirisha, anaponunua kitambaa cha rangi, anapotaja pamba, au anapoilalamikia serikali, anatumia maneno yaliyotoka Uajemi. Hata neno "darubini" ni la kwao, nalo limeundwa kwa maneno mawili: mbali, na kuona. Nakusudia kuitumia sinema kama darubini ya namna hiyo.

Sinema kama chanzo cha historia

Sinema iliingia Uajemi kupitia ikulu. Mwaka 1900 mfalme Mozaffar ad-Din, alipokuwa safarini Ulaya, aliagiza mashine ya kupigia picha, na mpiga picha wake, Mirza Ebrahim Khan, akapiga picha za kwanza huko Ostend, Ubelgiji. Filamu ya kwanza yenye sauti kwa lugha ya Kiajemi, Dokhtar-e Lor, ilitengenezwa mwaka 1933, tena si Tehran bali Bombay, na Ardeshir Irani. Kati ya tarehe hizo mbili walikuja wageni. Mwaka 1925 Wamarekani Merian Cooper, Ernest Schoedsack na Marguerite Harrison walionyesha filamu yao Grass, juu ya wafugaji wa Kibakhtiari wanaohama na mifugo yao, wakivuka mto Karun na kupanda milima yenye theluji. Ni picha za ajabu, lakini katika filamu nzima hatuwafahamu wafugaji wale kama mtu anavyomfahamu jirani. Tunawastaajabia tu.

Nchi yetu nayo ina historia yake ya kutazamwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, lilifanyika jaribio la sinema ya mafunzo kwa Waafrika. Lilianzishwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Filamu kama 35 zilitengenezwa, juu ya kilimo, afya, akiba ya fedha na mengineyo, zikatembezwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Nia haikuwa mbaya. Hata hivyo Mwafrika katika picha zile alikuwa mtu wa kurekebishwa. Twaweza kusema kwamba kanisa lilikuwapo sinema ilipoanza kututazama, na kwamba lilitutazama kama wanafunzi tu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa historia akikutana na filamu yoyote imempasa kuuliza maswali yale yale anayoyauliza waraka: Nani aliitengeneza? Kwa fedha za nani? Nani aliizuia? Ilikusudiwa kutazamwa na nani? Filamu ya Kimarekani iitwayo 300, iliyotoka mwaka 2006, yamwonyesha Xerxes, yaani Ahasuero wetu, kama jitu la kutisha lililovikwa mapambo, na majeshi yake kama mazimwi. Irani ililalamika. Filamu hiyo yatufundisha machache sana juu ya Waajemi, bali mengi juu ya hofu za waliowaigiza.

Filamu iitwayo Ng'ombe

Sasa nageukia filamu ya Waajemi wenyewe. Gaav, maana yake Ng'ombe, iliongozwa na Dariush Mehrjui mwaka 1969, kutokana na kisa cha mwandishi Gholam-Hossein Sa'edi. Katika kijiji cha udongo na vumbi anaishi Mash Hassan, mwenye ng'ombe mmoja tu, na huyo ndiye ng'ombe pekee wa kijiji. Anamwogesha kwenye maji, anazungumza naye, analala karibu naye akiwaogopa wezi wa kijiji jirani, ambao huonekana juu ya kilima kama vivuli vitatu. Siku moja Mash Hassan anasafiri, na ng'ombe anakufa. Wanakijiji wanamhurumia mwenzao. Kwa ushauri wa Mash Islam, mtu mwenye busara kuliko wote, wanamtupa ng'ombe katika kisima kisichotumika, na Mash Hassan anaporudi wanamwambia kuwa ametoroka.

Mash Hassan hasadiki. Anakwenda kukaa zizini. Polepole akili inamtoka, anaanza kula majani makavu, na mwisho anasema kwamba yeye si Mash Hassan bali ni ng'ombe wa Mash Hassan. Rafiki zake wanamfunga kamba ili wampeleke hospitali mjini. Njiani, katika mvua, anakataa kwenda, na Mash Islam, yule mwenye busara, anampiga kama mnyama, tena anamwita mnyama. Mash Hassan anaponyoka, anaanguka mtelemkoni na kufa.

Maswali ya mwanahistoria yanaleta majibu ya ajabu hapa. Filamu iligharimiwa na serikali ya Shah, kisha serikali ile ile ikaizuia, kwa sababu ilionyesha umaskini wakati ambapo nchi ilikuwa ikijisifu kwa maendeleo. Iliporuhusiwa, ilibidi yaongezwe maneno ya kusema kuwa mambo haya yalitokea miaka 40 iliyopita. Mwaka 1971 ilipelekwa Venice kwa siri, ikapata tuzo ya wahakiki. Katika vuguvugu la mapinduzi majumba ya sinema yalichukiwa kama milango ya upotovu, na tarehe 19 Agosti 1978 mamia ya watu waliteketea katika jumba la sinema la Rex huko Abadan. Inasimuliwa sana kwamba baada ya mapinduzi ya 1979 Ayatollah Khomeini aliisifu filamu ya Ng'ombe, na kwamba sifa hiyo ilisaidia sinema isifutwe kabisa nchini. Mehrjui mwenyewe aliuawa pamoja na mkewe nyumbani kwao karibu na Karaj, Oktoba 2023.

Kosa langu

Katika miaka yangu ya kwanza ya utumishi niliitwa kwa mzee mmoja wa Kidatoga katika mtaa mmoja upande wa Gitting. Alikuwa ameanza kuhudhuria mafundisho ya ubatizo. Ng'ombe wake aliyempenda alikuwa amekufa, naye alikuwa hali chakula kwa siku kadhaa. Nilimkuta ameketi nje ya zizi. Nilimsomea habari za tajiri mpumbavu katika Luka 12, nikamwambia ya kuwa moyo wake umefungwa na mali. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Mwanangu, hukumjua yeye, na mimi hunijui." Hakurudi tena katika mafundisho. Nami niliandika katika taarifa yangu kwamba watu hawa ni wagumu wa mioyo.

Baada ya miaka mingi, nikiwa mwalimu chuoni, niliitazama filamu ya Ng'ombe pamoja na wanafunzi. Nilipomwona Mash Hassan amekaa zizini, nilimkumbuka yule mzee, na sikuweza kuendelea na somo siku ile. Mwajemi, Mwislamu wa Kishia wa nchi ya mbali, alikuwa amenifasiria mtu niliyekaa naye kilima kimoja.

Tukumbuke jinsi Nathani alivyomwendea Daudi (2 Sam. 12). Alimsimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyekula katika chakula chake na kulala kifuani pake kama binti. Nathani hakusema kuwa maskini yule aliabudu mali. Upendo wake kwa mnyama umeelezwa kwa heshima, na aliyehukumiwa ni yule aliyeuvunja. Nilikuwa nimelihubiri fungu hilo mara nyingi bila kutambua kwamba mwenye mwana-kondoo mmoja alikuwa mshirika wangu.

Wazee wa Gitting wanaitazama filamu

Wakati wa likizo nilirudi Gitting na filamu hiyo katika kompyuta, nikawaonyesha wazee wachache, Wairaqw na Wadatoga, katika nyumba ya mwinjilisti. Nilisimulia maneno kwa Kiswahili, naye mwinjilisti akayatia katika Kidatoga. Yule mzee wangu alikuwa amekwisha kufariki, lakini mwanawe alikuwapo.

Waliyoyaona si yote niliyoyatarajia. Kwanza walicheka Mash Hassan alipomwogesha ng'ombe. Kisha wakauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyeliuliza chuoni: "Ukoo wake uko wapi?" Kwao mtu aliyefiwa na ng'ombe wake wa pekee huendewa na ndugu, na mmoja humpa au humwazima mtamba ili zizi lisibaki tupu. Kijiji kizima kinachomhurumia mtu bila kumpa ndama kiliwashangaza. Hapo nilijifunza kwamba kufahamu utamaduni si kuona mfanano tu. Mkulima wa Uajemi, mwenye ng'ombe mmoja katika kijiji cha wakulima, si Mbarbaig ambaye ng'ombe ni kamba inayomfunga na watu wengi. Filamu ilituonyesha udugu, halafu ikatuonyesha mpaka wa udugu huo.

Walipofika mwisho walinyamaza kwa muda. Ndipo mzee mmoja akasema kwamba kosa halikuwa kifo cha ng'ombe, maana ng'ombe hufa. "Walimnyang'anya msiba wake," akasema. Wanakijiji walidhani wanamwondolea huzuni, kumbe walimwondolea haki ya kulia. Uongo ulioanza kwa huruma ulimalizika kwa fimbo.

Neno hilo lina uzito wake Hanang. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalifunguliwa katika nyanda za Basotu, na baadaye yakaendeshwa kwa msaada wa Kanada, mpaka yakafikia saba yenye ekari kama 100,000. Yalichukua malisho bora ya Wabarbaig. Mengine yalipita juu ya makaburi ya wazee wao, yale ambayo kwa desturi hujengewa kichuguu cha udongo kiitwacho bung'eda kwa ibada ya miezi mingi. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Serikali ya Shah iliitaka filamu iseme kwamba umaskini ni wa zamani. Sisi nasi tuliwaambia Wabarbaig kwamba maendeleo yamekuja, na aliyelia tulimwita mtu wa zamani. Sikumbuki kuwahi kusikia mahubiri juu ya makaburi yale.

Jicho la Mwajemi katika Afrika

Yafaa kutaja pia kwamba darubini hii imewahi kugeuzwa kwetu. Abbas Kiarostami alikuwa mmoja wa waanzilishi wa idara ya filamu katika taasisi ya malezi ya watoto iliyoundwa Irani mwaka 1965. Mwaka 1987 alitoa filamu juu ya mtoto anayekimbia kutoka kijiji hadi kijiji ili amrudishie mwenzake daftari asije akafukuzwa shule. Tetemeko la ardhi la Juni 1990 lilipoua makumi ya maelfu ya watu kaskazini mwa Irani, alirudi kuwatafuta watoto walioigiza, na safari hiyo ikawa msingi wa filamu nyingine mwaka 1992. Kisha akaalikwa Uganda na mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, aonyeshe kazi ya chama cha akina mama cha UWESO kati ya yatima wa UKIMWI. Filamu yake, ABC Africa, ilitoka mwaka 2001.

Humo kuna maiti ya mtoto inayofungwa na kuwekwa juu ya baiskeli, na kuna watoto wengi wanaocheza na kuimba. Kuna pia dakika kadhaa za giza tupu, umeme ulipozimika, tusisikie ila sauti. Mtengeneza filamu hakulificha giza lile. Alikubali kwamba mgeni haoni kila kitu. Ningependa kila mchungaji anayehamishiwa mahali pasipo kwao awe na kiasi cha unyenyekevu huo.

Hitimisho

Sinema haitoshi kuwa mwalimu wa pekee. Mehrjui na Sa'edi walikuwa wasomi wa mjini, na filamu zao zilipita mikononi mwa wakaguzi. Atakaye kuwajua Waajemi imempasa pia kusoma historia yao, na ikiwezekana kuonana nao. Lakini baada ya kuitazama filamu ile siwezi tena kuhubiri habari za Shushani kana kwamba nje ya ngome ile hapakuwa na watu wenye mazizi na misiba yao.

Kwa wanafunzi wa theolojia natoa shauri moja. Mtakapopelekwa kwa watu walio na jina mlilolikuta limekwisha kutolewa na jirani zao, kaeni kwanza nje ya zizi pamoja nao kabla hamjafungua kitabu. Siku ile ya filamu, wazee walipokwisha kuondoka, mwana wa yule mzee alibaki. Nilimweleza niliyomtendea baba yake. Alisema kwamba baba alimsimulia, na kwamba ng'ombe yule alizaliwa siku moja na dada yake mkubwa. Hilo sikuliuliza siku ile.

Siku hizi naliuliza.